Mashtaka Dhidi ya Mwalimu Mwandishi

Hoja zenyewe mmezisikia. Kila linapotajwa wazo la kumpa mwalimu wa darasani muhula mmoja au miwili, mshahara wake ukiendelea, akae na mhariri, mchoraji na mtaalamu wa somo waandae vitabu, viongozi vya mwalimu na zana za kufundishia, kisha arudi shuleni kwake, hawakosekani watu wenye vyeo wa kueleza kwa nini haiwezekani. Nimewasikiliza kwa makini, na wengine nimewasoma. Naziweka hoja zao hapa kama wanavyozitoa wenyewe, bila kuzipunguza uzito, nanyi wasomaji mtaamua zinasimama au zinaanguka.

Kubwa kuliko zote ni hii: mwalimu amesomea kufundisha, hakusomea kuandika. Kitabu cha kiada kinataka mtu anayelijua somo kwa kina, anayeona mtiririko wa maudhui kutoka darasa hadi darasa, na anayetunga sentensi safi. Mtu huyo, wanasema, yuko chuo kikuu au kwenye ofisi ya mitaala. Nusu ya hoja hii naikubali bila ubishi. Kufundisha vizuri hakumfanyi mtu kuwa mwandishi, na nimewahi kusoma rasimu za walimu zilizonifanya nishike kichwa. Ila nusu ya pili inadai kwamba kazi ikiachiwa wataalamu peke yao, kitabu kitatoka salama, na dai hilo lina rekodi inayoweza kukaguliwa. Miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Dodoma, Mtakatifu Agustino na Aga Khan, walivichunguza vitabu vya kidato cha kwanza vya Tanzania. Walikuta Kiingereza chake kiko mbali mno na uwezo wa mtoto aliyetoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili. Vitabu vya wakati huo havikuingia shuleni kwa mlango wa nyuma. Utaratibu wa ithibati ulikuwepo na wataalamu walikaa. Mwaka 2017 vitabu vya shule ya msingi vilivyoandaliwa na taasisi ya taifa ya mitaala yenyewe vikafika bungeni kwa makosa yaliyokuwamo, hadi viongozi wa taasisi hiyo wakasimamishwa kazi. Sisemi wataalamu hawafai. Nasema hoja ya "tuwaachie wenye shahada" imeshapata nafasi yake, na matokeo yake tunayo kwenye makabati ya shule.

Kuna aina ya kosa ambalo mtaalamu hawezi kuliona, hata awe makini kiasi gani, kwa sababu halimo ndani ya somo. Chukueni agizo ambalo kila aliyeshika kiongozi cha mwalimu analijua: wagawe wanafunzi katika makundi ya watano watano, wajadili, kisha kila kundi liwasilishe. Kwenye karatasi halina dosari, tena linapendeza, maana linamweka mwanafunzi mbele. Sasa lipelekeni kwenye darasa la tatu lenye watoto 120, na madarasa ya hivyo si hadithi za kutunga. Makundi ni 24. Kila kundi likipewa dakika mbili tu za kuwasilisha, zinahitajika dakika 48. Kipindi ni dakika 40. Bado hawajajadili kitu, bado madawati hayajasogezwa, bado hesabu ya kipindi kilichopita haijafutwa ubaoni. Kinachotokea kila mwalimu anakijua: anaita makundi matatu ya mbele, au analiruka zoezi zima, na kwenye andalio la somo anaandika "majadiliano ya vikundi". Mthibiti ubora akija anakuta daftari limekaa sawasawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa aliyelala nacho hakuulizwa.

Mkanganyiko wa watetezi wa hoja hii ni wa kushangaza. Mwalimu huyohuyo wanayesema hawezi kuandika ukurasa mmoja wa kitabu, wanamkabidhi ukurasa huo aufafanue peke yake mbele ya watoto 120, siku tano za wiki. Akiwa mzoefu, wanamwita kusahihisha mitihani ya taifa, aamue hatima ya watoto wa mikoa asiyoijua. Kama anaaminika kuhukumu majibu, inakuwaje hafai kushiriki kutunga maswali na maelezo? Na nani amependekeza aandike peke yake? Kwenye mpango kuna mhariri wa kunyoosha sentensi na mtaalamu wa kulinda usahihi wa somo. Wapinzani wameupiga mpango ambao hakuna aliyeuleta mezani.

Ya pili ni upungufu wa walimu. Shule hazitoshelezwi, wanasema, halafu mnataka kuwatoa hata hao wachache waliopo. Hoja hii inagusa, kwa sababu upungufu ni wa kweli. Lakini tuhesabu. Tanzania ina shule za msingi za serikali zaidi ya 16,000. Mpango wa walimu 40 ungechukua mwalimu mmoja, wala si kila mwaka, kwenye kila shule 400. Sensa ya mwaka 2022 ilipohitaji makarani, walimu waliitwa kwa wingi, na hakuna aliyesimama kusema taaluma itaporomoka. Mwenge wa Uhuru ukipita wilayani, walimu wako barabarani na watoto wao tangu asubuhi. Kwa hiyo mwalimu huwa haazimiki pale tu anapoombwa kwa ajili ya ualimu wenyewe. Isitoshe, mitaani kuna wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira miaka kadhaa. Mmoja wao akipewa mkataba wa muhula kushika vipindi vya mwenzake, darasa halibaki wazi, na kijana anapata pa kuanzia. Mwenye hoja ya upungufu angalau atueleze kwa nini njia hiyo hakuiona.

Wasomi zaidi huleta historia. Hili lilishafanyika Entebbe, wanasema, walimu wakaandika, vitabu vikafa. Hapa inabidi tukae kidogo, maana habari ya Entebbe inasimuliwa na wengi waliosikia mwisho wake tu. Mwaka 1961 shirika la Kimarekani liitwalo Educational Services Incorporated liliitisha mkutano Massachusetts kuzungumzia elimu ya Afrika. Mwaka uliofuata warsha ya uandishi wa vitabu vya hisabati ikafunguliwa Entebbe, Uganda, chini ya uongozi wa Ted Martin, mwanahisabati wa chuo cha MIT. Walikuwapo wakufunzi, wakaguzi na walimu kutoka nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza, wakikaa meza moja na Wamarekani na Waingereza. Vitabu vikatoka, vikajaribiwa nchi kadhaa, na "hisabati mpya" ikaenea hadi Kenya ilipoitupa nje mwaka 1981.

Swali ambalo wasimulizi hawaliulizi ni nani aliamua vitabu vile viseme nini. Seti, miundo na lugha yake ya kidhahania zilitoka kwenye mageuzi ya Marekani yaliyopamba moto baada ya Warusi kurusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957. Mwafrika aliyefika Entebbe alikuta chakula kimeshapikwa, akaombwa asaidie kupakua. Mmoja wa waliokuwa karibu na mradi ule, John Gay aliyekuwa akifundisha Liberia, alijiuliza kwa nini watoto wa Kikpelle wanahangaika na hisabati hiyo. Akaanza kuchunguza jinsi jamii yao inavyohesabu, inavyopima mchele na inavyokadiria, na mwaka 1967 yeye na Michael Cole wakachapisha kitabu kuhusu jambo hilo. Maana yake uchunguzi wa mtoto ulikuja baada ya kitabu cha mtoto. Tukiitaja Entebbe kama ushahidi, basi unawaangukia wanaosema wataalamu waamue na mwalimu atekeleze.

Tena wasimulizi hao huacha kabisa upande wa pili wa shirika lilelile. Lilikuwa pia na mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika. Vijitabu vyake vilianzia kwa vitu vilivyo mlangoni: kutengeneza rangi, au kumchunguza yule mdudu anayechimba vishimo vya mchanga kunasa sisimizi. Eleanor Duckworth alipoutathmini mradi huo Kenya hakuwapa watoto mtihani wa kukariri. Aliwawekea vitu mbalimbali mezani, akatazama wanabuni nini navyo. Waliopitia mradi walifanya mambo mengi zaidi na yenye utata zaidi kuliko wenzao. Wafadhili walewale, bara lilelile, miaka ileile kwa jumla. Kilichotofautiana ni pale kazi ilipoanzia, na anayepajua mahali pale, kwenye ule mchanga nje ya darasa, ni mwalimu.

Siku hizi imezuka hoja iliyovaa suti: mwalimu aliyelemewa hahitaji kuandika chochote, anahitaji kiongozi kilichoandikwa neno kwa neno, afuate. Mfano wao ni Tusome ya Kenya, iliyoenea nchi nzima kuanzia 2015 na kuinua usomaji wa watoto wa madarasa ya chini. Mafanikio hayo ni ya kweli, na anayeyabeza hajayasoma. Lakini watetezi wa hoja hii hawajawasoma watu wao wenyewe. RTI, taasisi iliyoendesha Tusome, ilitoa utafiti mwaka 2018 ukiongozwa na Benjamin Piper, ambao ulilinganisha viongozi vya walimu vya miradi ya nchi mbalimbali. Ulithibitisha kwamba viongozi vinasaidia. Ukaonyesha pia kwamba vile vilivyombana mwalimu kupita kiasi kwa maneno ya kusoma kama yalivyo vilifanya vibaya kuliko vilivyomwachia nafasi. Walimu huyabadilisha maelekezo wakiwa darasani, tutake tusitake. Basi mabadiliko hayo ama yaingie kwenye toleo linalofuata kwa sababu aliyeyafanya amekaa mezani, ama yapotee kila jioni kengele ya mwisho inapolia.

Hoja ya utaifa naipita haraka. Inasema mwalimu wa Ukerewe ataandika mitumbwi na dagaa, na mtoto wa Makete kwenye baridi yake asiambulie kitu, kwa hiyo kitabu kimoja cha taifa kiandikwe sehemu moja. Kwani taa za kuongozea magari zinaota Makete? Kila mfano una kwao, ukiwemo wa mjini. Walimu kumi wa mikoa kumi wakikaa chumba kimoja watasutana wenyewe kwa wenyewe kabla kitabu hakijafika kwa mchapaji, na ofisi moja haina wa kuisuta. Ni kweli kazi za walimu hutofautiana ubora. Anayefungua maktaba huria ya African Storybook, iliyoanza 2014 na kuwashirikisha walimu na wakutubi wa Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini, atakuta hadithi tamu na hadithi chapwa bega kwa bega. Lakini hadithi chapwa kwenye maktaba ile hurekebishwa na yeyote, na hutafsiriwa kwa lugha ambazo hakuna mchapaji angeziwekea fedha. Kitabu cha kiada chenye kosa hukaa na kosa lake mpaka toleo jipya litoke.

Linabaki la posho, ambalo husemwa kwa sauti ya chini lakini ndilo linaloua mipango mingi. Walimu watafuata fedha, wanasema, na wakishaonja makao makuu hawatarudi vijijini. Kipande cha kwanza hakinihangaishi. Mhadhiri anayeandika kitabu hulipwa, mchoraji hulipwa, mjumbe wa kamati ya kupitisha rasimu hulipwa, wala hatusikii mtu akiwatuhumu kwa njaa. Mwalimu peke yake ndiye anayetakiwa aonyeshe wito.

Kipande cha pili kina uzito, na ndicho pekee kwenye orodha yao yote ambacho mpango mbovu hauwezi kukijibu. Mwalimu hodari akitolewa Nanyumbu mwaka mzima, akarudi na cheti na mawasiliano ya wakubwa, uhamisho unamfuata. Maktaba ya Bunge la Marekani humwalika mwalimu akae nayo mwaka wa masomo aandae zana kutokana na hazina zake, na kwa maktaba yenye nyaraka zake Washington hilo linaeleweka. Sisi hatuna sababu ya kuuiga mpangilio huo. Kinachotafutwa hakipo Dar es Salaam wala Dodoma, kipo kwenye darasa la mwandishi. Kwa hiyo mwalimu abaki kwenye kituo chake cha kazi, apunguziwe vipindi, siku mbili za wiki ziwe za kuandika na kikao cha pamoja kifanyike likizo. Rasimu ya kila sura aifundishe yeye, darasani kwake, mwenzake wa mkoa mwingine akiifundisha kwake wiki hiyohiyo, na maelezo ya kilichokwama yaambatanishwe. Awamu ya mwisho ya malipo itoke baada ya maelezo hayo kufika, na sharti hilo liandikwe kwenye barua ya uteuzi kabla hajasaini.