Bei ya kwanza tunayoitamka: tuanze na haki, si na nusu



Miongoni mwa mambo mazito anayoyafanya mtu maishani ni kununua nyumba yake ya kwanza. Huweka akiba miaka mingi, akauza mbao, akachuma chai, akafanya vibarua, kisha siku moja husimama mbele ya mwenye nyumba na kuulizwa: "Wewe unatoa ngapi?" Jibu la swali hilo hutoka kwa neno moja tu, lakini ndani yake mna mali ya mnunuzi, heshima ya muuzaji na ujirani wa miaka ijayo.

Tumeona kwamba vijana wetu wengi hapa Lupembe wamejifunza kanuni moja tu: ukitajiwa bei, kata nusu. Wanaiona kuwa ndiyo ujanja wa biashara. Sisi tunasema kanuni hiyo si ujanja wala si haki, na mara nyingi humdhuru anayeitumia. Tulimshuhudia kijana mmoja akimwambia mzee wa makamo nusu ya bei aliyoitaja. Mzee hakujibu. Aliinuka akaingia ndani, na baada ya siku chache nyumba ile akauziwa mtu mwingine, kwa bei ambayo kijana yule aliimudu kabisa.

Basi bei ya kwanza itoke wapi? Kwanza itoke katika kujua. Bei za Makambako si bei za Lupembe. Makambako ni njia panda ya barabara kuu iendayo Zambia na ile iendayo Songea, na ina stesheni ya reli ya TAZARA. Kiwanja cha pale huuzwa pamoja na biashara inayopita mlangoni. Anayepima nyumba ya kijijini kwetu kwa kipimo cha Makambako atalipa asichokipata, na anayempima muuzaji wa Makambako kwa kipimo cha kijijini atafukuzwa. Waulizeni majirani: nyumba gani iliuzwa karibu hapa, lini, kwa kiasi gani? Msitosheke na neno la dalali, kwani ujira wake hupanda bei inapopanda.

Pili, tutenganishe vitu. Mara nyingi huku kwetu muuzaji hutaja bei moja kwa nyumba, ardhi, miti ya mbao na mashina ya chai yaliyo uani. Kila kimoja kina thamani yake. Kisha tuangalie kasoro: bati lililotoboka, ukuta wenye ufa, maji yaliyo mbali, njia isiyopitika wakati wa mvua.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Muuzaji ametaja shilingi milioni 12. Nyumba zinazofanana na hiyo zimeuzwa kwa milioni 10. Paa linahitaji milioni 1 na laki 2. Basi thamani yake kwako ni milioni 8 na laki 8, na hicho ndicho kikomo chako. Kiandike kabla hujatoka nyumbani. Bei ya kwanza iwe chini kidogo ya hapo, tuseme milioni 8 na laki 2, nawe utaje sababu zako moja baada ya nyingine. Muuzaji akisikia habari ya paa na ya nyumba za jirani, ataona kwamba umeiheshimu mali yake. Ukimwambia milioni 6 bila sababu, ataona umemdharau. Ukifika kikomo na hamjapatana, agana naye kwa wema. Usikope kwa riba ili kuziba pengo, kwani nyumba iliyoanza kwa riba imeanza kwa kosa.

Kupatana bei si aibu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipatana na Jabir bin Abdullah bei ya ngamia, kisha akamlipa na kumrudishia ngamia wake. Lakini kuna mipaka. Ametukataza kuingilia mapatano ya ndugu yetu, na amekataza mtu kupandisha bei hali hana nia ya kununua. Kwa hiyo anayemtuma rafiki yake aende kutaja bei ya uongo, iwe kumtisha muuzaji au kumchochea mnunuzi, ajue amefanya hadaa.

Sasa tufike kwenye jambo gumu zaidi. Je, ikiwa muuzaji ametaja bei ndogo mno kwa sababu ana mgonjwa hospitalini, au mahitaji ya shule ya Januari yamembana, au ni mjane asiyejua thamani ya alichoachiwa? Wapo watakaosema: amependa mwenyewe, na biashara ni maridhiano. Ni kweli, Sura An-Nisaa aya ya 29 imeweka maridhiano kuwa msingi. Lakini maridhiano ya asiyejua ni maridhiano gani? Imepokewa kwamba sahaba Jarir bin Abdullah, aliyempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu, alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Akamwambia mwenye farasi kwamba mnyama wake anastahili zaidi, akaendelea kuipandisha bei mwenyewe hadi 800. Hatusemi kila maskini anayenunua kibanda afanye kama Jarir. Tunasema asifiche anachokijua. Wala tusidhani wema huu ni wa Waislamu peke yao. Majirani zetu wengi hapa ni Wakristo, nao watatujua dini yetu kwa bei tunazozitamka kuliko kwa mawaidha yetu.

Mwisho, bei nzuri juu ya nyumba yenye mgogoro ni hasara. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, hivyo mfikeni mtendaji na mwenyekiti kabla ya kutoa hata arabuni. Muulizeni muuzaji kuhusu mke wake au mume wake, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Waulizeni na warithi. Kisha andikeni na muweke mashahidi, kama tulivyofundishwa katika Al-Baqara aya ya 282 kuhusu madeni na mauziano. Hasa mnapolipana kwa awamu, bei na tarehe zote zijulikane tangu siku ya kwanza.

Ndugu zetu, mtu hulala ndani ya nyumba aliyoinunua kila usiku, na muuzaji huenda akawa jirani yake hadi kufa. Tutamke bei ya kwanza ambayo hatutaona haya kuikumbuka tunapokutana naye njiani.

Wabillahi tawfiq.