Seva mpya haitatibu maradhi ya faili kuukuu za ardhi

MKULIMA wa Olenguruone, Kuresoi Kusini, hahitaji kufunzwa uzito wa rekodi ya ardhi. Mnamo 1941 serikali ya kikoloni iliwapa makazi huko Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika nchi ya Wamaasai. Wao waliamini mashamba hayo ni yao, fidia ya waliyopoteza. Maandishi ya serikali yaliwahesabu kuwa wapangaji wenye masharti. Waliyakataa masharti hayo, na kufikia 1950 walikuwa wamefurushwa.

Leo maandishi ya ardhi yanahamishwa kutoka makabatini hadi kwenye kompyuta. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Nairobi Aprili 27, 2021, kwa azma ya kuueneza nchi nzima. Kwa mafundi wa seva, kazi hii inafanana na kupandisha hifadhidata hadi toleo jipya: programu yenyewe huwekwa kwa saa chache, ilhali data ya zamani ndiyo hukataa kuingia.

Sababu zake si za ajabu. Mfumo mpya hudai nambari ya kitambulisho cha mwenye shamba. Kadi ya zamani huenda ina jina tu, tena lenye ‘arap’ isiyoonekana katika kitambulisho. Huko Nairobi baadhi ya wenye hatimiliki walikwama kwa kuwa maelezo yao hayakuoana au faili hazikupatikana. Na pale mzee alipofariki, warithi wasiende kortini kutafuta mirathi, kompyuta humsubiri marehemu aje ajisajili.

Hata hivyo, kosa linalopiga kelele ni afadhali. La kuhofiwa zaidi ni lile linaloingia kimyakimya. Tume ya Ndung’u, iliyowasilisha ripoti yake 2004, ilifichua hatimiliki zilizotolewa kinyume cha sheria, zikiwemo za ardhi ya misitu, na Olenguruone imepakana na Msitu wa Mau. Seva haina uwezo wa kutambua hati ipi ilipatikana kwa haki. Hati batili ikinakiliwa ilivyo, hutoka upande wa pili ikiwa na sura ya rekodi iliyohakikiwa.

Fundi makini huanza kwa kuweka nakala rudufu, akaujaribu uhamisho katika nakala hiyo, akahesabu rekodi kabla na baada, kisha akazilinganisha baadhi na zile za asili. Mfumo wa zamani hauzimwi hadi hesabu zioane. Hitilafu ikizuka, kazi hurejeshwa huko. Katika ardhi, asili ni faili na ramani za masjala, pamoja na kumbukumbu za majirani. Orodha ya maingizo mapya ingebandikwa katika ofisi ya chifu, wenyeji wakapewa muda wa kuipinga, makosa mengi yangenaswa mapema.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu msajili kusahihisha makosa, na mahakama kuamuru sajili irekebishwe. Njia hiyo ipo, ila mkulima wa viazi ndiye atakayegharimia nauli hadi Nakuru, wakili na siku za kazi zilizopotea, kwa kosa ambalo lingeonekana kwa kulinganisha kurasa mbili.