Sauti za ikulu zirudi wazee wangali hai

Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka Kampala vitu 39 vilivyochukuliwa Uganda enzi za ukoloni. Makumbusho ya Uganda ikavipokea kwa heshima zote, lakini kwa masharti: ni mkopo wa miaka mitatu, unaoweza kuongezwa. Yaani mtu akae na mali ya ukoo wako miaka na miaka, halafu akukopeshe! Uamuzi huo ni mbaya, na sisi wa Sumbawanga hatuna sababu ya kuutazama kwa mbali. Mtindo huohuo, kwa sura ya upole zaidi, ndio unaotumika kwa sauti za ngoma za watawala wetu wa Afrika Mashariki. Kanda zenyewe na haki zake zinabaki ughaibuni, sisi tunaletewa nakala, na nakala inaishia kabatini katika jiji kubwa.

Watetezi wa utaratibu huu wanazo hoja. Kanda za zamani huoza, zinataka chumba cha baridi na umeme usiokatika. Bila Hugh Tracey, aliyezunguka nchi zetu na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950 na 1952, ngoma nyingi zingepotea kabisa. Haya, nayakubali. Hoja yao ya tatu ndiyo inayonikera: eti Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kisheria mwaka 1963, kwa hiyo hakuna wa kukabidhiwa.

Waliofutwa ni watawala. Wapigaji walirudi vijijini wakalima ulezi na mahindi, na ujuzi waliondoka nao mikononi.

Buganda inatufundisha jambo hili vizuri kuliko kwingine. Entenga ilikuwa ngoma ya Kabaka peke yake: ngoma 15, ambazo 12 kati yake zimepangwa sauti kama marimba, zikipigwa na watu sita. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Obote yalishambulia ikulu ya Mengo, Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, na entenga ikanyamaza. Kilichobaki ni kanda. Sasa sikiliza kanda hizo. Mapigo ya mtu mmoja yanaingia katikati ya mapigo ya mwenzake kwa kasi, hadi sikio linaokota wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Mkono wa nani umeangukia ngoma ipi, nani anaanza, nani anamfuata, hayo sikio peke yake haliyatoi. Ndiyo maana entenga ilipofufuliwa miaka ya karibuni, kwa juhudi zilizoongozwa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, alitafutwa mzee aliyewahi kuipiga ikulu, akakaa na vijana, akawashika mikono. Angekuwa amefariki, kanda ingebaki kelele tamu isiyo na mlango wa kuingilia.

Hapo ndipo hoja ya nakala inapoanguka. Sauti iliyorudishwa kwa hifadhi haijarudi. Inarudi siku mzee anapoisikia na kusema: huyo ni fulani wa ukoo fulani, hapo mmeandika jina siyo, wimbo huu hauimbwi ila mwene, mtawala wetu, anapotawazwa. Wakenya wanajua. Kanda za Tracey za mwaka 1950 zilipopelekwa kwa Wakipsigis kuanzia 2014, baadhi ya walioimba walikutwa hai.

Ufipa tunangoja nini? Mwanaanthropolojia Roy Willis alikuwa hapa katika miaka ya 1962 hadi 1964, wakati uleule utawala wa Nkansi na Lyangalile unafungwa. Alikusanya masimulizi ya kijiji cha Milansi, ya wanawake watatu wageni waliofika na kuutwaa utawala mwenyeji akiwa hayupo. Kazi yake ni kubwa, namheshimu. Lakini vitabu vyake vya 1978 na 1981 viko kwa Kiingereza, na wajukuu wa waliomsimulia pale Milansi hawavioni hata kwa macho. Je, sauti nazo zifuate njia hiyo?

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 utawala ulipofutwa amekwisha kuvuka 80. Hivi ni nani anayedhani tuna muda wa semina, kamati na makubaliano ya kuandaa makubaliano? Kila msiba wa mzee pale Chala au Laela unatupunguzia mtu wa kusahihisha. Kuwataka watu hawa wasubiri ni kuwadharau, na nalisema bila kulainisha.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi, kwa hiyo serikali ina mahali pa kusimama inapodai. Idai haki pamoja na nakala. Maofisa utamaduni wa Rukwa nao wasingoje Dodoma. Waandike leo majina ya wazee waliobaki Nkasi, Kalambo na Sumbawanga waliopiga au kusikia ngoma za mwene, wabebe spika na kinasa sauti, na kila hifadhi ya Ulaya na Afrika Kusini iandikiwe barua ikiwa na majina hayo ndani yake.