NAULI YA WATOTO WETU SI SADAKA



Wako wenzetu wanaouliza: "Chama cha wafanyakazi kina shauri gani na nauli za wanafunzi wa vyuo vikuu? Sisi twalipwa kwa kilo za majani, wao wataka kupanda ndege!" Swali hili si baya. Tutalijibu.

Kila mtu wa Fort Ternan amesikia habari ya mifupa. Mwaka 1961, katika shamba la mzungu Fred Wicker, Dr. Louis Leakey na wachimbaji wake walipata taya la kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, mwenye umri wa miaka kama milioni 14. Mwaka 1962 Leakey alimpa jina Kenyapithecus wickeri. Basi mwenye shamba akaingia vitabuni. Na wenye majembe je? Heselon Mukiri, fundi mchimbaji wa Leakey kwa miaka mingi, alingoja mpaka 1993 ndipo kiumbe mwingine wa kale, wa Kisiwa cha Rusinga, akaitwa heseloni kwa heshima yake.

Mifupa ya kwetu imejadiliwa sana ng'ambo. Leo kijana wa Kenya anayesomea shahada ya juu huandika utafiti wake, na mkutano wa wataalam huko mbali humkubali ausome mbele yao. Furaha yake ni ya siku moja. Kesho yake yaja madai: ada ya mkutano, viza, tiketi, malazi. Tena mara nyingi huambiwa, "Lipa kwanza, lete risiti, utarudishiwa baadaye."

Ndugu, ni mchuma chai gani awezaye kukopesha chuo kikuu? Sharti hilo ni mlango uliofunguliwa kwa mtoto wa tajiri peke yake. Na ada ya viza hairudi hata ukinyimwa viza.

Wengine husema, "Asikilize kwa intaneti, yatosha." Hayatoshi! Sisi hatukupata mkataba wa mshahara hata mmoja kwa kusikiliza dirishani. Tulituma wajumbe wakaketi mezani. Mkutano wa wasomi ni vivyo hivyo: wakati wa chai ndipo watu hujuana, ndipo hugawana kazi za utafiti na nafasi za masomo. Asiyekuwapo hakumbukwi.

Wala jambo hili si geni kwa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1959 vijana wetu walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, lakini nauli hawakuwa nayo. Nani aliyehangaika? Tom Mboya, Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya! Alizunguka Marekani akiomba msaada, na Septemba mwaka ule ndege moja ikachukua wanafunzi 81. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa safari zilizofuata. Mboya hakusema nauli ni anasa. Alijua kwamba nafasi ya masomo bila nauli ni barua tu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu:

1. Chuo kinunue tiketi na kulipa ada mapema. Desturi ya kumfanya maskini akopeshe ofisi ikome.

2. Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013, uwe na fungu wazi la nauli za wanafunzi, na masharti yake yabandikwe mahali pa watu wote kuona.

3. Kila mtaalam wa nje anayekuja kuchimba katika nchi yetu aweke katika hesabu zake nauli ya mwanafunzi Mkenya. Mifupa ikipata nauli, mwenye nchi asikose!

Ndugu, mshahara wetu tutaupigania, hatutalala. Lakini mtoto aliyesomeshwa kwa kikapu cha chai asikwame kwa tiketi.

UMOJA NI NGUVU.