Kumbe Facebook Ilianza kwa Sababu ya Demu?

Jumamosi iliyopita tuliangalia The Social Network kwenye ukumbi wa vijana. Projekta ilizima mara mbili, jenereta ikasumbua, lakini watu hawakuondoka. Filamu ilipoisha mdogo wetu mmoja akasimama, akasema kwa sauti: "Kumbe Facebook ilianza kwa sababu ya demu!" Watu wakacheka, wakaenda nyumbani na hilo jibu. Mimi pia nilienda nalo, ila lilininyima usingizi.

Vijana wenzangu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo nataka tuzungumze juu ya hilo jibu. Sisemi filamu ni mbaya. Ni nzuri sana, na watu wanaongea haraka humo mpaka unasahau kwamba kwa saa mbili hakuna aliyepigwa risasi. Ninachouliza ni kimoja: mtu akikuambia "hii ni hadithi ya kweli", ukweli wake unakaa wapi?

Filamu ilitoka 2010. Mwongozaji ni David Fincher, na aliyeandika maneno ni Aaron Sorkin. Ilipata tuzo tatu za Oscar, moja ya uandishi. Sorkin alitumia karatasi za kesi na kitabu cha Ben Mezrich cha 2009, The Accidental Billionaires. Sasa shikeni hapo kwanza. Mezrich alisaidiwa na Eduardo Saverin, yule rafiki aliyetoa pesa za mwanzo halafu wakagombana na Mark Zuckerberg. Zuckerberg mwenyewe alikataa kuongea naye. Kwa hiyo kabla kamera haijawashwa, hadithi ilikuwa imeshaanza upande mmoja. Aliyeumizwa alisimulia, aliyenyamaza akasimuliwa.

Yapo mengi ya kweli. Mwishoni mwa Oktoba 2003, Zuckerberg akiwa mwanafunzi wa Harvard alitengeneza Facemash, tovuti iliyoweka picha za wanafunzi wawili wawili ili watu wachague nani mzuri zaidi. Picha alizichukua bila ruhusa, tovuti ikafungwa, akaitwa mbele ya wakubwa wa chuo. Kweli, Thefacebook ilifunguliwa tarehe 4 Februari 2004. Kweli, mapacha Cameron na Tyler Winklevoss na mwenzao Divya Narendra walimshtaki kwamba amewaibia wazo, na mwaka 2008 wakapatana kwa pesa na hisa zilizotajwa kuwa dola milioni 65. Kweli, Saverin naye waliburuzana mahakamani, hisa zake zikiwa zimepunguzwa, wakapatana, na jina lake likarudi kwenye orodha ya waanzilishi.

Sasa tuje kwa demu. Filamu inaanza Mark akiachwa na msichana anaitwa Erica Albright. Usiku huohuo anakunywa bia na kutengeneza Facemash. Mwisho wa filamu, tayari tajiri, anamwomba Erica urafiki kwenye Facebook, halafu anabonyeza, anabonyeza tena, anangoja. Pale ukumbini kulikuwa kimya kabisa. Lakini Erica huyo ni jina la kubuni, na ile kubonyeza ya mwisho ni ya kubuni.

Tusiwaonee watu wa filamu lakini. Yale aliyoandika Zuckerberg kwenye blogu yake usiku wa Facemash yapo, na ndani kuna hasira juu ya msichana. Kwa hiyo Sorkin hakuokota kitu hewani. Shida ni kwamba Facemash si Facebook. Baina yao kuna miezi mitatu. Zuckerberg mwenyewe alisema hadharani mwaka huohuo wa 2010 kwamba mchumba wake alikuwa naye tangu kabla ya Facebook. Ndiye Priscilla Chan, waliyefunga ndoa naye 2012. Akasema walichopatia ni nguo zake, fulana na sweta, na kwamba watu wa sinema hawaelewi kuwa mtu anaweza kujenga kitu kwa sababu tu anapenda kujenga.

Mnaweza kusema: anajitetea, lazima aseme hivyo. Sawa. Simtetei, wala hanihitaji. Ila angalieni kazi ilivyofanyika. Vipande vingi ni vya kweli, kamba iliyovifunga ndiyo ya kubuni. Filamu haikudanganya sana juu ya nini kilitokea. Ilibuni kwa nini kilitokea. Na watu hawakubeba nyumbani tarehe wala dola. Walibeba ile kwa nini.

Sababu ya kufanya hivyo naielewa. Mtu akikaa mbele ya kompyuta kutwa kucha, kamera haina cha kuonyesha. Dustin Moskovitz, mmoja wa waanzilishi, alieleza kwamba mwaka 2004 kwao ulikuwa zaidi ni kazi nyingi na wasiwasi mwingi. Nani atakata tiketi aende kuangalia wasiwasi? Sinema inataka steringi, inataka adui, inataka kidonda. Watu watano wakianzisha kitu, watatu inabidi wasogee pembeni. Chris Hughes, naye mwanzilishi, humo anapita kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Sisi tumezoea DJ anayetafsiri filamu. Anaongeza utani wake, anampa Mchina jina la kwetu, tunacheka, kwa sababu sauti yake tunaisikia na tunajua anaongeza. Filamu ya "hadithi ya kweli" ina DJ pia, ila huyu sauti yake huisikii.

Kuna jambo moja filamu imefanya kwa haki, nalisifu. Imewaweka watu kwenye vyumba viwili vya wanasheria, kila mmoja anaeleza yake, na mwisho hakuna hakimu anayesimama kusema fulani ndiye mkweli. Mapacha wana hoja. Saverin ana hoja. Mark naye anayo. Hivyo ndivyo ugomvi wa watu walioanzisha kitu pamoja unavyokuwa. Laiti na mwanzo wake ungeachwa wazi namna hiyo.

Kwa nini nimelichukua hili moyoni? Kwa sababu na mimi nimewahi kuwa steringi.

Miaka miwili iliyopita walikuja wageni wenye kamera. Walitaka kujua darasa letu la kompyuta lilianzaje, lile la laptopu tatu za mtumba. Waliniuliza: "Ni kitu gani kilikuumiza mpaka ukaanzisha hili?" Angalieni swali lenyewe, kidonda kimeshawekwa ndani. Nikawaambia shule yangu ilikatika tulipokimbia. Ni kweli, ilikatika. Video ilipotoka ilikuwa ya dakika nne: kijana amepoteza shule, kijana analia usiku, kijana anaanzisha darasa peke yake. Muziki wa piano chini.

Ukweli ni kwamba tulikuwa watano. Na darasa halikuanza kwa kidonda changu. Lilianza kwa daftari. Dada mmoja wa kwetu alikuwa anaandika orodha ya watu wanaochajisha simu kwenye sola, kila wiki anaandika upya majina yaleyale kwa mkono. Alichoka. Akasema, "Si mnifundishe kuchapa, niandike mara moja tu?" Basi. Tukamfundisha, wengine wakaja kuangalia, darasa likawa darasa. Siku ya kamera hakuwepo, alikuwa kwenye foleni ya chakula. Alipoona ile video akaniuliza swali moja tu: "Na mimi nilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakuna neno hata moja nililosema mbele ya kamera lililokuwa uongo. Lakini video ilipowekwa pamoja ilikuwa uongo, na mimi nilinyamaza kwa sababu ulinifaa. Niliitwa kwenye mafunzo mjini. Yeye hakuitwa. Mpaka leo sijawahi kuliandika hili mahali popote, ndiyo naliandika sasa.

Sisi wakimbizi tunajua uzito wa hadithi kuliko watu wengi. Ukikosea tarehe moja kwenye mahojiano, unaulizwa tena na tena. Hatuna ruhusa ya kubadilisha hata mwezi. Halafu hadithi hiyohiyo ikiingia kwenye video ya kuomba msaada, wengine wanaibadilisha mpaka sababu yenyewe, na sisi tunapiga makofi. Zuckerberg akisimuliwa vibaya ana pesa, ana wanasheria, anapanda jukwaani kujibu. Yule dada ana daftari lake.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, nawaomba kwa heshima. Mkija na kamera, msianze na kuuliza ni nini kilituumiza. Ulizeni kwanza mlikuwa wangapi, na nani leo hayupo hapa. Halafu kabla ya kuirusha, turudishieni tuione. Mkikuta darasa lilianza kwa sababu mtu alichoka kuandika majina, acheni hivyohivyo. Haitatoa machozi, lakini itamkuta mtu wake.

Na sisi vijana, tukianzisha kitu tuandike. Tarehe, majina, nani alitoa nini, hata kama ni mia tano ya bando. Kwenye filamu Saverin anasaini karatasi bila kuelewa zitamfanya nini, anakuja kushtuka baadaye. Sisi wengi hatuna hata karatasi ya kusaini. Tunasema "tunaaminiana", mpaka siku mgeni anakuja na kamera au na bahasha, na anayejua kuongea vizuri ndiye anakuwa mwanzilishi.

Jana nilienda kwa yule dada, nikamwomba tuandike pamoja jinsi darasa lilivyoanza. Akaniambia ataandika yeye, mimi nisome. Nikakubali. Anachapa haraka kuliko mimi siku hizi. Akimaliza, tutaiweka hapahapa, na majina yote matano yatakuwepo, la kwanza likiwa lake.

Na yule mdogo wetu wa Jumamosi, nikikuona tena nitakujibu hivi: hapana, haikuanza kwa sababu ya demu. Lakini darasa unalosomea wewe, hilo lilianza kwa sababu ya dada mmoja aliyechoka na daftari. Nenda kamsalimie.