Si kila homa ni malaria: jipu la ini linaua

Mkazi wa Arusha akishikwa na homa, neno la kwanza kutajwa ni malaria, la pili ni taifodi. Ananunua dawa duka la jirani bila kipimo. Homa ikirudi, ananunua nyingine. Mazoea haya yanaficha maradhi yanayoua, likiwemo jipu la ini. Lazima yakome.

Ushahidi uko jirani. Mwaka 2007 hadi 2008, watafiti mjini Moshi waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya 60 katika kila 100 waliambiwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli hawakufika wawili katika kila 100.

Jipu la ini ni usaha uliokusanyika ndani ya ini. Katika nchi zetu za joto huletwa sana na amiba, anayemezwa kwa maji au chakula chenye kinyesi, kisha akasafiri kwa damu kutoka utumboni. Bakteria nao hulileta, hasa kwa wenye kisukari au mawe ya nyongo. Mgonjwa hupata homa, hutoka jasho, hukonda na huumwa chini ya mbavu za kulia, wakati mwingine hadi begani. Wengi hawaharishi, hivyo hawashuku chakula wala maji. Jipu la amiba huwapata zaidi wanaume walio katika umri wa kazi.

Ultrasaundi hulionyesha. La amiba hutibiwa kwa metronidazo siku 7 hadi 10, kisha dawa ya pili ya kumaliza amiba waliobaki utumboni. La bakteria huhitaji antibiotiki kwa wiki kadhaa, na mara nyingi usaha kunyonywa. Likipuuzwa, hupasukia tumboni au kifuani.

Kwa hiyo tunasema bila kumung'unya maneno. Muuza dawa anayetoa vidonge kwa kukisia anahatarisha maisha. Tabibu asimruhusu mwenye homa sugu aondoke bila kumpapasa ini. Halmashauri ya Jiji izuie vyoo kutiririshwa katika mito ya Themi na Naura. Nasi wananchi tuchemshe maji, kwani klorini ya kawaida haimuui amiba kwa uhakika, na tunawe mikono kwa sabuni.

Ukiwa na homa na maumivu ubavu wa kulia, nenda hospitali leo, ukapimwe.