Goti la bibi na miale ya leza: Uliza haya kabla ya kulipa

Akina mama wengi wa Mwanga, mjini Kigoma, wamelea watoto kwa biashara ya dagaa: asubuhi mwaloni Kibirizi, mchana sokoni, beseni kichwani. Umri ukisogea, magoti yanaanza kudai. Kwanza ni maumivu ya kupanda mlima, baadaye hata kuinuka kwenye mkeka inakuwa kazi.

Hapo watoto huanza kuchangishana, na mmoja wao hutuma kwenye kundi la familia video ya kifaa chenye mwanga mwekundu kinachodaiwa kuponya magoti. Je, hela hiyo itolewe?

Leza hii ni ipi?

Si ile ya kukata nyama kwenye upasuaji. Hii ina nguvu ndogo na haiunguzi. Mwaka 1967, daktari Endre Mester wa Hungaria alimulika panya walionyolewa ili aone kama leza ingewaletea saratani. Saratani haikutokea, manyoya ndiyo yaliota haraka. Baadaye akaijaribu kwa vidonda visivyopona.

Wanasayansi wanaeleza kuwa mwanga huo hufyonzwa na sehemu ya seli inayotengeneza nguvu, na hivyo kusaidia kupunguza uvimbe na kuharakisha ukarabati wa mwili.

Inasaidia kiasi gani?

Inategemea ugonjwa. Kwa vidonda vya mdomoni vinavyowapata wagonjwa wa saratani wakiwa kwenye matibabu, ushahidi ni mzuri. Kwa baridi yabisi, tafiti zimeonyesha nafuu ya muda mfupi ya maumivu na ukakamavu wa asubuhi.

Kwa goti lililosagika, hali ni tofauti. Mwaka 2022, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilishauri leza isitolewe kwa tatizo hilo kwa kuwa ushahidi hautoshi. Leza hairudishi gegedu lililolika. Anayeahidi hivyo anauza maneno.

Kinachopewa kipaumbele ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito kwa aliyezidi. Bibi akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi tano, aushushe, kisha abadilishe. Kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takribani kilo nne kwa kila hatua. Asinywe diklofenaki kila siku bila ushauri wa daktari, kwani inaweza kuumiza tumbo na figo.

Uliza haya

Familia ikiamua kujaribu leza, iulize: Ugonjwa umepimwa na kupewa jina? Anayetibu ni mtaalamu aliyesajiliwa? Vipindi ni vingapi, na gharama yote ni kiasi gani? Ni lini tutajua kwamba haisaidii ili tuache? Mgonjwa na mtoa huduma wavae miwani ya kukinga macho. Isimulikwe juu ya uvimbe wenye saratani au unaoshukiwa kuwa nao, wala tumboni kwa mjamzito.

Mtoto si bibi

Hapa mzazi asifanye mzaha. Mtoto akivimba kiungo, akiwa na homa au akikataa kukanyaga, usimpake dawa ya kuchua wala kumpeleka kwenye leza. Yawezekana ni usaha ndani ya kiungo, ambao huharibu goti au nyonga kwa siku chache. Yawezekana ni homa ya baridi yabisi, inayoweza kuacha kasoro kwenye moyo. Au ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ulio na watoto wengi nchini.

Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, msisubiri kesho. Goti la bibi linaweza kungoja wiki mkitafakari. La mtoto mwenye homa haliwezi.